Fedha za Mwanangu Kupita Katika Akaunti Yangu

SWALI: Mwanangu ana umri wa miaka 31 na anafanya kazi melini, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka hayupo nyumbani kwake. Kila mwezi huniingizia fedha benki, nami humlipia pango, umeme, maji na mshahara wa msichana anayemtunzia nyumba. Zikipungua, huongezea kutoka kwenye pensheni yangu. Zikibaki, hukaa humo humo. Nimepokea taarifa ya akaunti ya mwaka mzima nikaona zimeingia fedha mara tatu ya pensheni yangu. Je, nitatozwa kodi kwa fedha hizo? — Mama wa Baharia

JIBU: Mama, fedha ulizokabidhiwa ili umlipie mwanao gharama zake si mapato yako. Kodi ya mapato hutozwa kwa kile mtu alichokichuma kwa ajira, biashara au kitega uchumi, ilhali wewe hapo ni wakala tu: unapokea kwa mkono mmoja na kulipa kwa mkono wa pili kwa niaba ya mwenye mali. Mwenye kupaswa kuzitolea hesabu ni mwanao, kwa kuwa ndiye aliyezipata kwa jasho lake.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni ile akaunti moja. Taarifa ya benki huonyesha kiasi kilichoingia na tarehe yake, lakini haielezi kilikuwa cha nani, na ofisa wa kodi akiuliza, mzigo wa kuthibitisha kwa kawaida humwangukia mlipakodi. Pensheni yako ikishachanganyika na fedha za mwanao kwa miaka miwili au mitatu, hata wewe mwenyewe utashindwa kuzitenganisha. Kwa hiyo nakusihi mfungue akaunti ya pekee kwa ajili ya nyumba ile, na ingefaa zaidi iwe kwa jina la mwanao, wewe ukiwa umeidhinishwa kutia sahihi. Hapo hata riba itahesabiwa kuwa yake, maana riba ya akaunti iliyo kwa jina lako huchukuliwa kuwa yako. Mwanao akuandikie barua fupi yenye tarehe, akieleza fedha ni za nini, nawe uhifadhi risiti zote. Muda wa kuzihifadhi hutofautiana: Australia hutaka miaka 5, Kanada miaka 6. Najua kumdai mwana barua kunaweza kuonekana kama kutomwamini, lakini barua hiyo inakulinda wewe.

Zile zinazobaki zahitaji uamuzi. Zikiendelea kuwa zake, ziandikwe hivyo. Akikuachia kwa mapenzi tu, hiyo ni zawadi, ambayo nchi nyingi hazimtozi mpokeaji kodi ya mapato. Lakini mkikubaliana kwamba ni ujira wa kazi ya kumsimamia nyumba, basi hayo ni mapato na yanapaswa kutajwa katika ritani yako, yaani fomu ya kutangaza mapato kwa ofisi ya kodi.

Unachomwongezea kutoka kwenye pensheni ni zawadi yako kwake, na huwezi kukipunguza katika mapato yako kwa sababu tu yeye ni mwanao, kwani mtu mzima mwenye mshahara wake kwa kawaida hahesabiwi kuwa tegemezi. Baadhi ya nchi hufuatilia zawadi zikiwa kubwa. Nchini Marekani, kwa mwaka 2025, mtoaji hakuhitaji kutoa taarifa kwa zawadi zisizozidi dola 19,000 kwa mtu mmoja, na nchini Uingereza zawadi huweza kuingizwa katika hesabu ya kodi ya mirathi mtoaji akifariki ndani ya miaka 7, ingawa pauni 3,000 za kila mwaka husamehewa. Nyongeza ndogo za mama mstaafu ni nadra kufikia huko.

Jambo la mwisho ni yule msichana. Ikiwa sheria ya mahali mlipo inamtaka mwajiri akate kodi au achangie hifadhi ya jamii, mwajiri ni mwanao, lakini anayemkabidhi mshahara ni wewe, na kosa likitokea wewe ndiwe utakayeulizwa kwanza. Mwombe mwanao aandikishe ajira hiyo kwa jina lake kabla hajarudi melini.