Maswali na Majibu: Kuzungumzia Mionzi katika Visiwa vya Marshall

Swali: Kwa nini wakazi hawaridhiki wanapoambiwa na wataalamu kwamba mionzi imepungua?

Kwa sababu walikwishaambiwa hivyo. Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ilifanya majaribio 67 ya mabomu ya nyuklia katika visiwa hivyo vya Bahari ya Pasifiki, na mmojawapo, mlipuko wa Bravo, uliofanyika kwenye kisiwa cha Bikini tarehe 1 Machi 1954, ulimwaga majivu meupe yenye mionzi juu ya kisiwa cha Rongelap, ambako watoto waliyachezea. Watu wa Rongelap waliondolewa siku mbili baadaye, wakarudishwa mwaka 1957 kwa ahadi ya usalama, kisha mwaka 1985 wakahama kwa hiari yao kwa kuuhofia uchafuzi uliobaki. Wale wa Bikini waliorejea mwanzoni mwa miaka ya 1970 walihamishwa tena mwaka 1978, baada ya vipimo kuonyesha seziamu-137, kemikali yenye mionzi itokanayo na milipuko hiyo, nyingi miilini mwao. Mtaalamu asiyeanza kwa kukiri historia hii hatasikilizwa, na sioni sababu ya kumlaumu asiyemsikiliza.

Swali: Wenyeji wengi huita mionzi "sumu". Je, wasahihishwe?

Nisingeanzia hapo. Neno hilo linabeba ukweli mkubwa: hatari haionekani, na huingia kwa chakula. Linapopotosha ni pale mtu anapodhani kwamba moto huimaliza, au kwamba aliyekula chakula kilichochafuliwa atamwambukiza jirani yake kwa kumshika mkono. Hayo mawili ndiyo ya kufafanua, kwa lugha yao wenyewe. Pia waelezwe kwamba seziamu-137 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi.

Swali: Kwa nini nazi huzungumziwa kuliko udongo wenyewe?

Udongo wa matumbawe una potasiamu kidogo, na kwa kuwa seziamu hufanana nayo kikemia, mnazi huifyonza seziamu badala ya potasiamu. Mbolea ya potasiamu hupunguza ufyonzaji huo. Kumwambia mtu "usile nazi" tu, hali nazi, shelisheli na matunda ya mkadi ndiyo mazao ya ardhi ya ukoo wake, ni kumwambia aache kuwa mwenyeji. Aelezwe zao lipi, la kisiwa kipi, kiasi gani, na ale nini badala yake.

Swali: Kiasi cha mionzi anachopata mkazi kilinganishwe na kile cha picha ya eksirei?

Hapana. Eksirei mtu huikubali kwa faida yake. Majivu hakuna aliyeyaomba.