Muulize Fundi: Mashine ya gemu imewaka, ndani niweke nini?

Barua za kompyuta za gemu zimekuwa nyingi safari hii, watu wananunua kifaa kimoja kimoja mpaka mashine inakamilika, wanaifunga wenyewe sebuleni, ikishawaka ndio wanagundua bado kuna swali la mfumo endeshi, yaani Windows au Linux. Nimechukua barua tatu.

SWALI: Kaka shikamoo. Mimi niko Tabata Segerea, nimejichanga mwaka mzima nimejenga mashine yangu ya gemu. Prosesa ni Ryzen 5 3600 na mazabodi ya B450, hivyo nimechukua kwa jamaa aliyekuwa anauza yake, ramu 16GB, SSD mpya ya 500GB, na kadi ya grafiki RX 580 ya 8GB mtumba nimeitoa Kariakoo. Inawaka fresh ila ndani haina kitu. Fundi wa mtaani anataka elfu ishirini anipigie Windows 10, anasema ndio nyepesi na gemu zinakimbia, halafu rafiki yangu wa chuo ananiambia niachane kabisa na Windows niweke Linux ni bure na haisumbui na virusi. Nacheza Valorant na washkaji, FC 25 na GTA V. Naogopa kuharibu maana hela yangu yote iko hapo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, najua kujichanga mwaka mzima kuna jioni ngapi za kujinyima. Sasa weka pembeni maneno ya fundi na ya rafiki, angalia gemu ulizoniandikia, maana jibu lako liko humo humo.

Valorant ina mlinzi wake anaitwa Vanguard, kazi yake ni kukamata wanaodanganya, na anakaa ndani kabisa kwenye kiini cha Windows tangu mashine inapowaka. Linux kiini chake ni kingine kabisa, kwahiyo huko Valorant haifunguki. Sijasema itakuwa nzito, haifunguki. FC 25 hivyo hivyo, EA wana mlinzi wao na hakubali Linux. GTA V ile ya hadithi inacheza vizuri tu, ila Online wameingiza mlinzi anaitwa BattlEye Septemba 2024 na tangu hapo watu wa Linux wako nje. Kwahiyo kati ya gemu zako tatu mbili zimekataa na ya tatu imekubali nusu.

Rafiki yako hajakudanganya lakini, usimuone mbaya. Mwaka 2018 Valve, wale wenye duka la gemu la Steam, walitoa kitu kinaitwa Proton ambacho kinatafsiri gemu ya Windows ikachezeka kwenye Linux, na 2022 wakatoa kile kikompyuta chao cha mkononi Steam Deck kinachotumia Linux ndani, tangu hapo mambo yamebadilika kweli kweli, gemu nyingi za kucheza peke yako unabonyeza tu inafunguka. Counter-Strike 2 na Dota 2 zina toleo la Linux kabisa. Na RX 580 huko inafurahi maana driva za AMD, yaani programu za kuiendesha kadi, zimo ndani ya Linux yenyewe, hutafuti kitu. Ungekuwa mtu wa Dota na gemu za hadithi ningekwambia weka Linux leo usiku. Ila washkaji zako wako Valorant, na gemu ya kucheza na watu unaifuata pale watu walipo.

Basi ni Windows, ila sio 10. Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wakaacha muda wa nyongeza kwa wanaojiandikisha, na huo mwisho wake ni 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo tundu la usalama likigundulika ndani yake linabaki wazi. Gemu hazitakufa siku hiyo hiyo, lakini njia yake inajulikana: Windows 7 ilifungiwa huduma Januari 2020, Steam wakaivumilia mpaka tarehe 1 Januari 2024 nao wakaiacha. Mashine umeijenga sasa hivi, kwanini uianzishie uzee? Na hilo la wepesi, kwenye ramu 16 na SSD hutaona tofauti ya kukuuma. Ryzen 5 3600 iko kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika Windows 11, huna haja ya kupitia mlango wa nyuma.

Hapa sasa ndipo nataka usome taratibu, maana mafundi wengi wanaharibu hapa bila kujua. Kabla hujachomeka flashi ingia BIOS, ile mipangilio ya mazabodi yenyewe, ufanye mambo matatu: washa fTPM (ndiyo TPM ya AMD, inatunza funguo za usalama), zima CSM (njia ya zamani ya kuwasha mashine), halafu washa Secure Boot (inakagua kwamba kinachowashwa hakijachezewa). Wakati wa kuweka Windows hakikisha SSD imepangwa kwa GPT, ule mpangilio mpya wa diski, isiwe MBR ya zamani. Fundi mwenye flashi ya siku nyingi atakupigia kwa MBR na CSM ikiwa imewashwa, Windows itafunguka vizuri tu, unamlipa anaondoka, usiku unafungua Valorant inakuletea kosa la VAN9001 unabaki unashangaa, maana kwenye Windows 11 Valorant inadai TPM 2.0 na Secure Boot viwe vimewashwa vyote. Likishatokea usifute kila kitu, ndani ya Windows kuna kifaa kinaitwa mbr2gpt kinabadilisha mpangilio bila kupoteza mafaili, ila vya muhimu nakili pembeni kwanza.

Halafu hiyo RX 580 yako. Kadi nyingi za aina hiyo zilizoko sokoni zilikuwa zinachimba sarafu za mtandaoni, na wachimbaji walikuwa na tabia ya kubadilisha BIOS ya kadi yenyewe, yaani programu yake ya kuwashia. Kadi ya namna hiyo ukizima CSM au ukiwasha Secure Boot inaweza kukupa skrini nyeusi tupu. Ikitokea usikimbilie kusema mazabodi imeungua. Chomoa umeme, toa ile betri ya duara kwenye mazabodi dakika chache uirudishe, mipangilio inarudi ya mwanzo na picha inarudi. Baadhi ya kadi zina kiswichi kidogo juu pembeni cha kubadilisha BIOS, isukume upande wa pili ujaribu tena. Kama haina kiswichi na skrini inabaki nyeusi, rudi Kariakoo wakati muuzaji bado anakukumbuka sura, na mtakaonunua kesho jaribuni hilo dukani kabla ya kutoa hela.

Kingine, ukiona gemu inaganda sekunde moja mbili halafu inaendelea, fTPM za AMD zilikuwa na ugonjwa huo, AMD walikiri mwaka 2022 na dawa ikaja kwa kuapdeti BIOS ya mazabodi. Mazabodi yako ni ya mtumba kwahiyo huenda mwenzako hakuwahi kuapdeti. Ila nakuomba, apdeti ya BIOS usiifanye bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza isiwake tena, na sisi wa Dar hatuhitaji kufundishwa umeme unavyokatika.

Sasa leseni. Elfu ishirini ya fundi maana yake ni Windows ya kreki, iliyovunjwa leseni, na hilo silikubali kabisa. Mimi mashine yangu ya kwanza nilikubali, fundi akazima Defender, ule ulinzi wa virusi wa Windows, kwanza maana kreki nyingi bila kuzima ulinzi haziingii, akaiacha imezimwa hivyo hivyo na mimi nikafurahi nimeokoa hela. Wiki ya tatu naamka asubuhi akaunti yangu ya Steam ina nywila mpya, barua pepe imebadilishwa, ndani yake kuna gemu nilizonunua kwa miaka minne. Nilihangaika siku kumi na moja kuirudisha na picha za mazishi ya baba zilizokuwa kwenye ile barua pepe sikuzipata zote. Usinizungushe kwamba kila mtu anatumia kreki, najua, na kila wiki nakaa na mtu ananieleza kitu kama hicho.

Fanya hivi. Windows 11 ishushe kutoka kwa Microsoft wenyewe, ni bure kushusha, ni zaidi ya GB 5 kwahiyo itegee bando la usiku au nenda na flashi ya GB 8 kwa mtu mwenye intaneti ya waya. Inapouliza namba ya leseni chagua kwamba huna, inaendelea. Itakuwekea maandishi pale chini kulia na itakunyima kubadilisha picha ya nyuma, lakini gemu zinacheza zote na apdeti za usalama zinakuja. Hapo unakuwa unajipa muda wa kukusanya, sio kwamba umemaliza, maana leseni ya Home, lile toleo la nyumbani, kwa Microsoft ni dola 139, zaidi ya laki tatu zetu. Chukua Home, Pro haiongezi hata fremu moja kwenye gemu. Na uliza kama ni ya OEM au ya rejareja, ile ya OEM inafungwa na mazabodi moja, siku ukibadilisha mazabodi nayo imekwenda, wewe unayejenga kidogo kidogo inakufaa ya rejareja.

Ukishamaliza nenda kwenye mipangilio ya intaneti uiambie Windows kwamba laini yako inapimwa (metered connection), isipofanyiwa hivyo itakumalizia bando kwa apdeti kabla hujacheza hata raundi moja. Na kwa gemu za Steam, kama mshkaji mmoja anayo tayari njooni kwenye router moja, tangu 2023 Steam inahamisha gemu kutoka mashine moja kwenda nyingine hapo hapo ndani na bando linaguswa kidogo sana.

SWALI: Habari mwanangu. Mimi ni mama wa kijana wa kidato cha pili, tunakaa Kijitonyama. Nilimnunulia kompyuta ya ofisi mtumba, ni i5 kizazi cha nne, ramu 8GB, mjomba wake akamuongezea kadi ya GT 1030. Sasa fundi anasema Windows 10 imekufa na 11 haiingii kwenye hiyo mashine, ninunue nyingine. Mtoto anacheza Minecraft na Football Manager na anaandikia kazi za shule. Kweli ninunue nyingine?

JIBU: Shikamoo mama. Usinunue. Fundi amesema kweli kwamba Windows 11 haiikubali rasmi prosesa hiyo, wanaanzia Intel kizazi cha nane, lakini kutoka hapo kwenda kununua mashine mpya ni safari ndefu ambayo huna haja nayo.

Kijana wako ndiye hasa mtu wa Linux, maana gemu zake hazina wale walinzi niliowaeleza hapo juu. Mwambie aweke Linux Mint, ni bure kihalali, hakuna leseni wala kreki, na sura yake inafanana na Windows aliyoizoea kwahiyo hatapotea. Kizuri zaidi, inajaribiwa ikiwa kwenye flashi bila kugusa diski, akae nayo jioni nzima aone intaneti inashika, sauti inatoka, printa inaonekana, ndipo aamue. Kabla ya kuiweka moja kwa moja anakili mafaili yake yote pembeni, hili naomba umsimamie mwenyewe mama, vijana hawana subira. Ikishaingia afungue sehemu inaitwa Driver Manager achague driva ya Nvidia wanayopendekeza, bila hiyo kadi ya mjomba itafanya kazi chini ya uwezo wake.

Minecraft ya Java ina toleo la Linux, ile nyingine ya Bedrock haina, muulize anayo ipi. Football Manager anaweka kupitia Steam na Proton inamalizia. Gemu nyingine yoyote atakayoitaka aitafute kwanza kwenye ProtonDB, ni orodha ambapo wachezaji wenyewe wanaandika nini kinafunguka na nini kinagoma, aangalie kabla hajakuomba hela ya kununua.

Kazi za shule ataandika kwenye LibreOffice, inafungua mafaili ya Word. Ila akipeleka steshenari kuprinti ahifadhi kwa PDF, la sivyo kule kwenye Word mistari inaweza kuhama na majedwali yakavunjika na nyie mmeshalipia kurasa.

SWALI: Fundi, niko Mbagala. Nimeweka Windows 11 na Mint kwenye mashine moja, kila nikitoka Linux nikiingia Windows saa inakuwa nyuma masaa matatu. Nimeshanunua betri mpya ya mazabodi, wapi. Halafu diski ya gemu nikiwa Linux naweza kuisoma tu, kuandika inakataa.

JIBU: Betri yako haina kosa ndugu yangu. Linux inaandika kwenye saa ya mazabodi muda wa dunia, Windows inaisoma saa hiyo hiyo kama muda wa hapa nyumbani, na sisi tuko mbele masaa matatu, ndio hayo matatu unayoyaona. Ukiwa Mint fungua teminali uandike timedatectl set-local-rtc 1, weka nywila yako, basi.

Diski ni kwamba Windows ukiizima haizimiki kabisa, inajilaza nusu ili kesho iwake haraka na inaiacha diski imeshikiliwa. Ingia Control Panel, sehemu ya umeme, zima Fast Startup. Hata hivyo gemu unazocheza ukiwa Linux usiziweke kwenye diski hiyo ya NTFS, mpangilio wa Windows, Proton inasumbua sana huko. Zikatie sehemu yake ya ext4, mpangilio wa Linux, na kama hela itaruhusu nunua SSD ndogo ya pili kila mfumo ukae kwake, ingawa hilo nalo si kinga ya kila kitu, Agosti 2024 apdeti moja ya Windows iliwazuia watu wengi wenye mifumo miwili wasiweze kuiwasha Linux yao.