Naipata Yake, Yeye Haipati Yangu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunapiga picha za harusi na kuzihariri hapa hapa nyumbani. Kompyuta ya mezani iko sebuleni, mimi nafanyia kazi laptopu yangu kwenye chumba cha uani. Zote ni Windows 11. Tumechoka kupishana koridoni na flashi, hasa baada ya ile ya mwisho kuingiwa na virusi, folda zote za bibi harusi zikageuka shotikati. Tukaamua kushea folda. Sasa maajabu yake: mimi nikiandika namba ya kompyuta ya sebuleni naipata, ila inadai jina na neno la siri, na kila ninachoandika inakataa. Mume wangu akiitafuta yangu anapata kosa namba 0x80070035. Tumezima fayawoli, tumezima na kuwasha kila kitu, wapi. Intaneti inakuja kote kote vizuri tu.
— Mama Picha, Chumbageni, Tanga

JIBU: Dada, kabla hujaendelea kusoma, nenda kawashe fayawoli. Haina kosa.

Barua yako ilinikamata kwenye maneno "chumba cha uani". Ndiyo maana nilikuomba ufungue lile dirisha jeusi la cmd kwenye kila kompyuta, uandike ipconfig, unitumie namba. Ukaniletea hizi: sebuleni 192.168.1.14, uani 192.168.0.103. Tazama fungu la tatu. Moja inasema 1, nyingine inasema 0. Nikakuuliza kama kuna mtu aliwaongezea ruta ya pili ili Wi-Fi ifike uani, ukajibu, "Umejuaje?"

Aliyewafungia alichomeka waya unaotoka sebuleni kwenye tundu la WAN la ruta ya pili, yaani la kupokea intaneti kutoka nje, lile ambalo mara nyingi lina rangi yake peke yake. Ukichomeka hapo, ruta hiyo inajijengea mtandao wake na kukaa getini kama mlinzi. Wa ndani akitaka kutoka, anatoka: ndiyo maana wewe unaifikia sebule, na intaneti unaipata. Wa nje akibisha hodi, mlinzi hana habari kuna nani ndani. Mume wako anaambiwa njia haionekani, na kweli haionekani. Usijisikie vibaya. Mimi niliyevutia mtandao nyumba ya mama mkwe nilifanya hivyo hivyo, nikailaumu Windows siku mbili nzima, na mama mkwe ananitazama.

Dawa yake haigusi Windows. Ukiwa uani, andika 192.168.0.1 kwenye kivinjari uingie kwenye ruta ya pili. Ukikuta pameandikwa Access Point, yaani hali ya kusambaza tu mtandao wa sebuleni bila kujenga wake, chagua hapo, uhamie huko, kisha ufuate inavyokuelekeza kuhusu waya. Kama hapana, fanya kwa mpangilio huu, usiruke: badilisha anwani ya ruta hiyo iwe 192.168.1.2 (hakikisha tu hakuna kifaa kingine chenye namba hiyo), zima DHCP ili kazi ya kugawa namba ibaki kwa ruta ya sebuleni peke yake, ndipo uchomoe waya WAN na kuuchomeka kwenye tundu la kawaida la LAN, yale ya kuunganisha vifaa vya ndani. Zima Wi-Fi ya laptopu, iwashe, uangalie namba tena. Ikianza na 192.168.1, mko nyumba moja.

Halafu hakikisha kompyuta zote mbili mtandao huo umewekwa "Private". Ukiwa "Public", Windows inajificha kama uko hotelini.

Limebaki la neno la siri. Nina shaka unaandika ile PIN ya tarakimu nne ambayo mume wako anafungulia asubuhi. PIN inafungua kompyuta ile ile tu, kwenye mtandao haitambuliki. Na akaunti isiyo na neno la siri kabisa, Windows haiiruhusu kuingia kutoka nje. Kwangu mimi njia safi ni kutengeneza mtumiaji mpya kwenye kompyuta ya sebuleni, tuseme jina lake picha, umpe neno la siri la kweli, asiwe msimamizi. Kwenye folda mnayoshea mpe ruhusa sehemu mbili, Sharing na Security. Wengi wanatoa ya kwanza wanasahau ya pili, na kati ya mbili hizo inashinda iliyo kali zaidi. Kompyuta ikiitwa SEBULENI, wewe ukiulizwa jina andika SEBULENI\picha.

Ila usihariri video moja kwa moja kutoka sebuleni. Ruta nyingi za bei nafuu matundu yake yanaishia megabiti 100 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 12 hivi hata kwa waya. Harusi ya gigabaiti 10 itakula karibu robo saa. Nakili kwanza, unywe chai, ndipo uhariri.

SWALI: Mwanangu fundi, mashine yangu ya kudarizi inatumia programu isiyokubali kingine ila Windows XP. Kijana mmoja ananishauri niwashe SMB1, ile njia ya zamani ya Windows ya kushea faili, kwenye kompyuta mpya ili zizungumze. Niwashe?
— Mzee wa Darizi, Mombasa

JIBU: Shikamoo mzee. Usiwashe. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa dunia nzima kwa kupitia udhaifu wa SMB1, kikafunga faili za watu na kudai fidia. Mwaka huo huo Microsoft wakaanza kutoa Windows 10 mpya bila hiyo SMB1 kuwekwa. Hiyo XP itenge kabisa na intaneti, iachie kazi yake ya darizi. Najua nimetoka kuisema vibaya flashi hapo juu, lakini kwako wewe ndiyo yenyewe: nunua moja ya kazi hiyo tu, uikague kwenye kompyuta mpya kila inaporudi. Mchoro wa darizi ni kilobaiti chache, hata flashi kuukuu itaubeba.