Kabla Hujaandika Jina Lako Kitakoni mwa Chungu

Wewe unayeanza ufinyanzi hapa Mbeya, ambaye pengine umetoka chuoni ukiwa na michoro mingi kuliko vyungu, nakushauri ushuke kwanza Matema, wilayani Kyela, kabla hujanunua gurudumu la kufinyangia. (Sina ugomvi na gurudumu, ninalo, na vikombe vyangu vyote hutoka hapo.) Ng'ambo kidogo ya Matema, Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone, akina mama wa Kikisi hufinyanga kwa mikono, na vyungu vyao husafiri kwa mitumbwi hadi mnadani Lyulilo.

Mimi nilikwenda huko na haraka zangu. Chungu changu cha kwanza kilipasuka motoni kwa kishindo, kikavunja na viwili vya bibi mwenyeji wangu, kwa sababu nilikianika juani nusu siku badala ya kukiacha kivulini mpaka kitako nacho kikauke. Maji yaliyobaki ndani ya udongo mnene hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hupasua. Bibi hakunigombeza. Alikusanya vigae, akanipa kinu, akaniambia nitwange. Unga ule wa vigae ukichanganywa na udongo mbichi huupunguzia kusinyaa na kuufungulia mvuke njia, kwa hiyo chungu changu cha pili kilibeba mabaki ya cha kwanza pamoja na vyake viwili.

Udongo utauzoea. Kinachowashinda wengi ni suala la jina. Katika onyesho langu la kwanza niliiga nakshi za mdomoni mwa vyungu vya bibi, nikaweka jina langu peke yangu, nami nikidhani nimeenzi utamaduni. Bibi aliona picha kwenye simu ya mjukuu wake, akaniuliza, "Mwanangu, hayo ya mdomoni ulifundishwa na nani?" Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi za jamii, lakini swali lile lilinichoma kuliko kifungu chochote.

Siku hizi kila kadi ya maonyesho yangu hutaja Ikombe juu ya jina langu, na fungu la bibi tunalikubaliana mapema, kabla mtumbwi haujang'oa nanga.