Supa glu haigeuzi gari kuwa fowili

Swali: Shikamoo fundi. Nina gari la rimoti la kipimo cha 1:10, linasukuma tairi za nyuma tu. Kwenye mchanga wa Luchelele, hapa Mwanza, lilikuwa linachimba na kukwama. Fundi mmoja akamwaga supa glu ndani ya difu, zile gia zinazoruhusu tairi mbili za nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, ili tairi zote mbili zivute pamoja. Siku ya kwanza lilikwenda vizuri mno. Nilipolipeleka kwenye mawe ya Capri Point, shafti mbili zimekatika na kona halikati. Je, niliuze ninunue fowili, linalosukuma tairi zote nne? Na ipi, inayopeleka nguvu mbele na nyuma kwa shafti au kwa mkanda?
*Msomaji, Buhongwa*

Jibu: Marahaba. Fowili tutaifikia. Tuanze na glu, kwa sababu magari yenye difu iliyogandishwa nayapokea mara kwa mara, na kila mwenye gari huja na maneno hayohayo: "siku ya kwanza lilikwenda vizuri."

Ni kweli lilikwenda, na hapo ndipo glu inapowadanganya watu. Chukua gari lenye upana wa sentimita 30, ulizungushe duara ambalo katikati ya gari iko mita 1 kutoka kituo cha duara. Tairi ya nje itatembea kama mita 7.2, ya ndani mita 5.3. Difu ipo ili kuruhusu tofauti hiyo ya karibu mita 2. Ukiigandisha, lazima tairi moja iteleze. Mchangani inateleza bila shida, kwa hiyo husikii chochote. Juu ya jiwe kavu tairi imeshika na haina pa kuteleza, kwa hiyo mzigo wote unarudi kwenye shafti mpaka ikatike. Kona nayo haikatiki kwa sababu tairi za nyuma zinalisukuma gari liende moja kwa moja.

Utasikia wakisema magari ya kupanda miamba nayo hufungwa difu. Ndiyo, lakini yale hutembea polepole, gia zake ni nzito na shafti zake zimetengenezwa kwa mateso hayo. Lako ni la mbio.

Mtu akikuambia ataliongezea gari nguvu kwa kugandisha kitu, muulize nguvu hiyo inatoka wapi na mota ni ileile. Ugonjwa huu hauko kwenye magari ya rimoti peke yake. Kazi yangu ya kila siku ni injini za mitumbwi. Kwenye injini nyingi ndogo, propela hushikwa na pini laini, imewekwa makusudi ikatike propela inapogonga mwamba. Pini ikikatika, mtu anapigilia kipande cha msumari wa chuma. Siku akigonga tena, msumari haukatiki, zinavunjika gia, naye anapiga kasia kurudi mwaloni. Wengine huunganisha fyuzi kwa waya mpaka nyaya zinaungua. Kifaa kilichowekwa kilegee au kikatike kwanza ndicho wanachokiona adui, na anayekiua anaitwa fundi! Inaniudhi, kwa sababu hasara haimkuti yeye.

Mwingine atakushauri ujaze oili ya injini ndani ya difu. Oili ya namba 40, kwenye joto la nyuzi 40, haifiki uzito (yaani ugumu wa kutiririka) wa 200 kwa kipimo kilekile kinachoandikwa kwenye chupa za oili ya silikoni ya difu, ambazo hufika 10,000 na zaidi. Kama difu yako ni ya gia na imezibwa, silikoni nzito ndiyo itakayopunguza tairi moja kuzunguka bure, bila kuifunga kabisa.

Na mchangani, kabla ya difu, tazama tairi. Zipo tairi za nyuma zenye mabawa kama makasia, zinazochota mchanga na kuusukuma. Kwa Luchelele pekee, hizo pamoja na gari ulilonalo zinatosha, usiuze. Kama unataka mchanga leo na mawe kesho, hapo fowili ina maana, ila ujue itakula betri zaidi na ina difu mbili au tatu za kutunza. Chukua ya shafti iliyofunikwa. Mkanda ni mwepesi na laini, unafaa uwanja uliofagiliwa, lakini mchanga wetu ni itale iliyosagika: punje ngumu ikiingia kati ya meno na puli, mkanda unakwisha. Klachi ya kuteleza, ile inayoachia mzigo ukizidi, usiikaze mpaka mwisho.

Difu uliyonayo, ifungue, toa oringi (pete za mpira za kuzibia) zote kwanza, kisha loweka gia za chuma kwenye asetoni mpaka glu ilainike. Sehemu za plastiki usizitie humo. Ukikuta meno ya gia ndogo za ndani yamelika, usiirudishe. Nunua difu nzima.