Je, ni israfu kununua saa ya laki saba kwa ajili ya nikaha?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 28, mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi Dar es Salaam. Nikaha yangu inshaallah ni baada ya miezi miwili. Nimependa saa ya mkono yenye jina la kampuni kubwa ya mavazi, rangi yake ya dhahabu, bei yake shilingi 690,000. Sina fedha zote. Nataka kukopa 400,000 kwenye simu nilipe kidogokidogo na nyongeza yao. Rafiki yangu anasema hiyo ni israfu tupu, bora nichukue feki yake Kariakoo kwa 45,000 kwa sababu hakuna atakayejua. Marehemu baba aliacha Seiko 5, mama akanipa mimi, lakini imesimama na fundi anataka 60,000 kuisafisha. Nyumbani tumebaki mama, kaka yangu, mimi na mdogo wetu wa kike wa miaka 11. Mababu na mabibi wote wametangulia. Mahari nimetoa nusu, nusu ya pili tumekubaliana niilete kabla ya nikaha. Naomba unijibu: saa hizi zina thamani ya bei yake? Na dini inasemaje?

JAWABU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu yangu, kabla sijafungua kitabu nilikwenda kwanza kwa mjuzi wa jambo lenyewe, kwani Qur'ani imetuamrisha tuwaulize wenye kujua tukiwa hatujui (An-Nahl, 43). Tunasali msikiti mmoja na fundi saa mtu mzima, mkono wake mwepesi mpaka leo. Siku hiyo alikuwa na saa ya namna unayoisema wewe, mteja kaileta kubadilishwa betri. Akaiweka chini ya taa, akapenyeza ncha ya kisu kwenye ukingo wa mfuniko wa nyuma, mfuniko ukafyatuka. Nilitarajia kuona magurudumu yamejaa. Nikaona pete ya plastiki nyeupe imeziba nafasi karibu yote, na katikati yake mashine ndogo, haizidi ukucha wa kidole gumba changu. Imeandikwa Miyota 2035, Japani, na chini yake maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba haina hata kijiwe kimoja cha rubi, vile vya kupunguza msuguano wa magurudumu. Fundi akavuta droo yake, akanitolea mashine nyingine kama ile, pacha wake, mpya kwenye kikaratasi. "Hii, Sheikh, nakufungia kwa elfu kumi na tano, na ufundi wangu humo."

Miyota ni mashine za kampuni ya Citizen ya Japani, na si mbovu hata kidogo. Ndani yake kuna kipande cha jiwe la kwatzi ambacho umeme wa betri hukitikisa mara 32,768 kwa sekunde, na mtikisiko huo ndio unaohesabu wakati. Saa ya kwanza ya mkono ya aina hiyo, Seiko Astron, iliingia sokoni Tokyo tarehe 25 Desemba 1969 kwa yen 450,000, bei ya gari dogo la siku zile. Leo elimu ileile imo ndani ya Casio F-91W, saa ya plastiki iliyotoka mwaka 1989, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Kwa hiyo ukiniuliza kama saa ya laki saba inajua kuingia kwa Alasiri kuliko ya Casio, jawabu ni hapana.

Tena jina lililo usoni mwa saa kwa kawaida si jina la aliyeitengeneza. Saa za Michael Kors na Emporio Armani kwa miaka mingi zimetengenezwa na Fossil, kampuni ya Texas, Marekani, kwa leseni. Za Hugo Boss, Lacoste na Tommy Hilfiger zinatengenezwa na Movado kwa utaratibu huohuo. Mwenye nguo anakodisha jina lake, mwenye saa anaunda, na wewe unalipia vyote viwili, pamoja na matangazo na pango la duka. Usizichanganye na Rolex au Patek Philippe. Hizo ni ghali kupita kiasi, lakini mashine ni za kwao wenyewe, na ukiiuza baada ya miaka kumi unapata fedha ya kueleweka. Hii yako ukitoka nayo dukani, jioni yake hupati nusu.

Sasa, je, muuzaji amekudhulumu? Hapa ninatofautiana na rafiki yako. Sheria yetu haikuweka kikomo cha faida. Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja amnunulie kondoo, akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Imepokewa na Bukhari. Hiyo ni faida ya mia kwa mia, na hakuikemea. Na jina pia ni mali. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha tano, Kuwait, Desemba 1988, lilipitisha kwamba majina na alama za biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya fedha katika sheria, na haijuzu kuzivamia. Anayekuuzia jina akakwambia wazi kuwa ni jina, amekuuzia kitu. Haramu ni kukuficha: akuambie ndani ni mashine ya Uswisi nayo siyo, au ni dhahabu nayo ni rangi. Muuzaji wa namna hiyo ndiye Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula chake akakuta maji chini, akasema, "Mwenye kutughushi si katika sisi" (Muslim).

Basi bei ni halali kwa muuzaji. Je, kwako mnunuzi?

Pambo si dhambi, na sipendi tunavyowatisha vijana kwa neno israfu kila wakivaa vizuri. Allah anauliza: ni nani aliyeharimisha pambo la Mwenyezi Mungu alilowatolea waja wake? (Al-A'raf, 32). Mtume (s.a.w.) alipotaja kwamba hataingia Peponi mwenye chembe ya kibri moyoni, mtu mmoja aliingiwa na hofu, akasema: mtu hupenda nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Akajibiwa kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu (Muslim). Na mzee Malik bin Nadhla alikuja na nguo duni, Mtume akamwuliza kama ana mali. Akasema anayo: ngamia, mbuzi, farasi. Akaambiwa basi ionekane kwake athari ya neema ya Allah.

Angalia lakini kwamba Malik aliulizwa kwanza: una mali? Israfu haina bei moja kwa watu wote. Mfanyabiashara aliyetoa zaka, hana deni, wazazi wake wameshiba, akinunua saa ya laki saba siwezi kumwita mwenye israfu. Ni gharama yake ya mwezi ya mafuta ya gari. Wewe ndugu yangu unaniambia huna fedha, una nusu ya mahari shingoni, na una mama mjane na mdogo wa miaka 11. Saa ileile, duka lilelile, na hukumu si moja.

Mkopo wa simu unaolipwa na nyongeza ni riba. Haihitaji mjadala wala kutafutiwa mlango wa nyuma, na dharura hapa hakuna. Ungeniambia muuza saa mwenyewe amekukubalia ulipe kwa awamu, bei moja mliyoikata toka mwanzo hata ikiwa juu kuliko ya taslimu, na haiongezeki ukichelewa, hiyo ningekwambia wengi wa wanazuoni wameiruhusu. Hata hivyo nisingekushauri. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni ndani ya Sala yake, alipoulizwa sababu akasema mtu akiwa na deni huzungumza akadanganya na huahidi akavunja (Bukhari na Muslim). Utaanza ndoa kwa kumwambia mkeo "simu haina chaji" kumbe unawakimbia wadai? Mahari ni haki yake, ameitaja Allah mwanzoni mwa Suratun Nisaa, na ahadi umetoa kwa mdomo wako mbele ya wazee. Hiyo 290,000 uliyo nayo ina mwenyewe tayari.

Feki ya Kariakoo ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa neno lile "hakuna atakayejua". Mwanamke mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.), akamwuliza: nina mke mwenzangu, je, nina ubaya nikijionyesha kwake kuwa mume wangu amenipa ambacho hakunipa? Akasema: "Anayejishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uwongo." Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Asma binti Abubakar. Ungeniuliza mimi, ningedhani ni jambo dogo la wanawake wa nyumba moja, Mtume akaliita uwongo wa mwili mzima. Saa feki kazi yake ni hiyo moja. Kusema wakati haikuzidi saa ya elfu kumi isiyo na jina. Kilichozidi ni jina la kuibwa. Tena unaivaa siku unayoapa kuchukua amana ya binti wa watu. Afadhali mkono mtupu.

Kuhusu rangi ya dhahabu: dhahabu ni haramu kwa wanaume wa umma huu na halali kwa wanawake. Ibn Abbas amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliona pete ya dhahabu mkononi mwa mtu, akaivua akaitupa, akasema mmoja wenu analiendea kaa la moto akaliweka mkononi mwake (Muslim). Saa nyingi za siku hizi zenye rangi hiyo ni chuma kilichopakwa titani naitraidi, madini ya manjano yasiyo na dhahabu ndani yake. Hiyo ni rangi tu, si haramu. Ikiandikwa nyuma kwamba imechovywa dhahabu ya karati 18, iache. Wanafiqhi wetu wa Kishafii wana maelezo marefu juu ya kilichopakwa dhahabu, kama kikitiwa motoni kitatoa kitu au la, na sitaki uingie humo kwa sababu ya saa. Chagua ya rangi ya chuma ukae kwa raha.

Tuje kwa Seiko 5 ya baba. Nilimtajia fundi, uso wake ukabadilika. Hiyo, alisema, haina betri. Inajijaza kwa mwendo wa mkono wa mwenyewe. Ikikaa kwenye kabati husimama, na mafuta yake hukauka. Ikioshwa na kutiwa mafuta mapya inatembea miaka. Seiko wameanza kuziunda mwaka 1963, na wazee wengi wa pwani hawakuvaa nyingine. Alisema pia 60,000 ni bei ya haki kwa kazi ile, kwa sababu lazima ifumuliwe yote. Mimi naona hiyo ndiyo saa yako ya nikaha.

Ila kuna jambo hukuniuliza, nami nitakuwa nimekuficha nisipolisema. Saa ile ni mirathi. Mama amekupa kwa mapenzi, lakini si yake peke yake kuigawa. Mwambie fundi aikadirie ingeuzwa kiasi gani ilivyo sasa. Tuseme 80,000, na tuseme deni la marehemu na wasia vilishalipwa. Mama ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, kwa sababu marehemu ameacha watoto: 10,000. Inabaki 70,000, fungu la mwanamume ni la wanawake wawili, kwa hiyo kaka yako 28,000, wewe 28,000, na mdogo wenu 14,000. Mama na kaka yako ni watu wazima, wakikusamehe mafungu yao kwa ridhaa bila ya haya wala kulazimishwa, ni yako halali. Mdogo wenu hajabaleghe, hawezi kusamehe, na hakuna anayeweza kusamehe kwa niaba yake, hata mama. Zile 14,000 mpe anayesimamia mali yake, ziandikwe kwa jina lake, mbele ya mama na kaka yako. Kisha ndipo uipeleke saa kwa fundi.

Wallahu a'alam.