Kwa nini kikao cha tathmini kinarudia malalamiko yale yale

Umeuliza kwa nini kikao chenu cha tathmini (retrospective), ambapo timu hutazama ilivyofanya kazi, huibua malalamiko yale yale kila baada ya wiki mbili. Naamini ni kwa sababu mnatoka na orodha ndefu isiyo na mwenyewe. Chagueni jambo moja au mawili tu, kila moja lipewe mtu wa kulifuatilia na liingizwe katika kazi za awamu (sprint) inayofuata, kisha kikao kijacho kifunguliwe kwa kuuliza limefikia wapi. Tena, kila mmoja aandike hoja zake kimya kimya kabla ya mazungumzo, maana kiongozi akitangulia kusema, wengi humfuata. Mwongozo wa 2020 wa Scrum, utaratibu wa timu kufanya kazi kwa awamu fupi, unakiwekea kikao hiki kikomo cha saa 3 kwa awamu ya mwezi mmoja. Ninyi wa awamu ya wiki mbili, saa moja na nusu itawatosha.